Liandike Hilohilo

Ukunda, ukiona kibao chenye herufi nene zinazotupa kivuli mkono wa kulia, hiyo ni kazi ya Wayua Nzau. Ila kwenye vibao vya miaka miwili fulani ya nyuma usilitafute jina lake pembeni. Halipo, na aliyelipoteza ni Chirau.

Awali lilikuwepo. Binti huyu wa Kikamba, mzaliwa wa mashamba ya Shimba Hills, alipomaliza kuandika bucha au saluni alitia jina lake pale chini, dogo kama sisimizi. Kisha hisia zikampanda. Siku nne hakulala, akaandika kuta za watu wasiomwita, na lori la mchanga lililoegeshwa akaliandika WATEULE TU. Mwenye lori hakujihesabu mteule, akamwita polisi. Msambweni daktari alimpa vidonge na jina la ugonjwa: baipola, ule wa hisia kukwea mlima kisha kutumbukia korongoni. Wayua alilipokea. Alisema afadhali ugonjwa wenye jina kuliko pepo wasio na kitambulisho.

Kliniki ilikuwa Jumanne, mara moja kwa mwezi. Chirau, mwenyekiti wa steji ya tuktuk, alipeleka abiria hospitalini akamwona kwenye benchi. Huko hakusema neno. Alilibeba hadi Ukunda, na alipofika lilikuwa limekwisha kuiva: Jumanne. Jina la kiume kwa mwanamke mzima, mzaha ukanoga. Kila asubuhi alimwuliza Jumanne leo yuko mlima gani. Mwezi haukuisha, wateja wakaanza kumwambia kwa adabu zote: andika, fundi, mkono wako ni mzuri, lakini jina lako usilitie.

Vidonge alivimeza, vicheko akavimeza, hilo likamkwama kooni. Aliandika nusu ya mji kama mtu anayezaa watoto wakaandikishwa kwa mwingine. Akasubiri. Watu walimwogopa akiumwa. Hawakujua kwamba wa kuogopwa ni Wayua aliyelala vizuri, akanywa dawa na chai, na anakumbuka kila kitu.

Mwaka wa pili Chirau alileta tuktuk mpya ya buluu kibandani kwa Wayua, viti vingali na nailoni. Mwanarusi, muuza mahamri wa jirani, alikuwepo na wateja wake watano sita. Wayua aliuliza aandike nini mgongoni. Chirau akawatazama kwanza wale wa mahamri.

"Andika lako, Jumanne. Abiria wapate kucheka."

"Langu lipi, Mwenyekiti?"

"Kwani unayo mangapi? Hilohilo."

"Niandike Jumanne?"

"Liandike. Kubwa."

Wayua akamgeukia Mwanarusi, akamwuliza kama amesikia. Mwanarusi akasema masikio yake yako salama, alhamdulillahi.

Aliandika siku mbili. JUMANNE, kwa manjano, kivuli chekundu, mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka, ya rangi ya gari isiyotoka kwa petroli, kisha vanishi. Hajapata kutoa kazi safi kama ile. Chirau alipokuja alikuta steji nzima imekwisha kuisoma, na wageni wa harusi wanamsubiri Diani. Akataka ifutwe. Wayua akajibu kwamba yeye hufuata maagizo ya mteja, na mashahidi wale pale, wanatafuna.

Na huku kwetu dereva huitwa kwa jina la chombo chake. Kabla ya wiki kwisha abiria walikuwa wakimwambia Jumanne awashushe hapa, Jumanne awangoje pale. Askari wa lango la hoteli moja akaandika daftarini: dereva, Jumanne. Mama mmoja alimwuliza kwa huruma kama dawa zinamkubali.

Alivumilia siku kumi na tisa. Ya ishirini alikwenda kibandani, akakuta kimefungwa. Mwanarusi akamkumbusha leo ni siku gani. Hasira haikumwachia nafasi ya kufikiri. Aliendesha hadi Msambweni, akaegesha mbele ya kliniki, mgongo wa tuktuk umeelekea benchi. Watu kumi na wanne wakasoma. Mzee mmoja alisogea kumpa nafasi, akamwambia akae tu, mwanangu, siku ya kwanza ndiyo ngumu.

"Nifutie, Jumanne," Chirau alinong'ona.

Wayua aliyatazama maandishi, kisha akamtazama yeye. "Unajisemesha?"

Muuguzi akatokeza mlangoni, akaita Wayua Nzau. Wayua akainuka, akajifunga leso polepole.

"Wayua," Chirau akasema.

"Sikusikia. Na hawa hawakusikia."

"Wayua Nzau. Tafadhali."

Benchi lilisikia. Wayua akaingia kwa daktari, akamwacha amesimama pale mpaka alipotoka.

Alimfutia, yaani alimfunikia. Juu ya buluu mpya akaandika alichotaka yeye: KAZI YA WAYUA NZAU, kila herufi shibiri nzima, na namba ya simu. Tangu hapo mteja anayemwambia asitie jina lake huambiwa atafute fundi mwingine, na wengi hurudi.

Lakini lile neno Jumanne alikuwa amelipiga rangi mikono mitatu, na buluu ya kulifunika akaipiga mmoja tu, mwembamba. Jua la saa sita likipiga, herufi za chini huchungulia. Chirau hajaziona, dereva aliye kitini haoni mgongo wa chombo chake. Wayua huacha brashi kila tuktuk ile ikipita, akazisoma moja moja, kisha akaomba hamri lingine.