Bibi wa Ujiji Anataka Nimwoshe Akifa

Admin, naomba ufiche jina langu na picha yangu, maana Kigoma ni ndogo na Ujiji ni ndogo zaidi. Nina miaka thelathini na minne, nalea mtoto mmoja peke yangu, naishi Rusimbi. Kazi yangu ni kuongoza wageni wa ziara ya siku moja. Asubuhi tunatoka na boti tunafuata ufukwe wa ziwa, wanashuka Katonga kuona samaki wakishushwa, mchana tunaingia Ujiji kwa miguu, tunapita mitaa ya zamani na kumalizia msikitini. Ikifika jioni miguu inawaka na tabasamu limenikauka usoni. Uchovu huo nimeuzoea. Huu mwingine ndio umenishinda.

Msikiti ule una utaratibu wake. Mwanamke haingii mabega wazi wala kichwa wazi, na wageni wetu wengi wanakuja na kaptula. Kuna bibi mjane ambaye nyumba yake inatazamana na msikiti. Yeye ndiye anatutunzia kanga na mitandio, anatufungulia chumba cha mbele, nawavalisha wageni mle ndani, wakitoka wanarudisha. Siku ya kwanza nilifika nimevaa gauni refu na ushungi, kwa sababu siwezi kumwambia mtu afunike kichwa wakati changu kiko wazi. Mimi ni Mkristo, nimezaliwa Mwamgongo na nimebatizwa nikiwa mtoto. Ila jina langu liko kwenye dini zote mbili, salamu ya Kiislamu naijibu kama kila mtu wa huku anavyoijibu, na bibi hakuniuliza. Sikuona sababu ya kumtangazia dini yangu mtu anayeniazima kanga.

Basi mambo yakakua yenyewe. Adhana ikilia ananiambia wageni wakiondoka nisisahau kuswali, nami namjibu sawa bibi, kwa sababu muda huo nimeshika viatu vya watu na kila mmoja ana swali lake. Ramadhani sikula mbele yake kwa heshima tu, naye akawa ananifungia futari niende nayo nyumbani. Akaanza kuniita mwanangu. Mtoto wangu alipolazwa, bibi na magoti yake mabovu alipanda bodaboda mpaka hospitali na chupa ya uji. Jamani, mama yangu mzazi alishafariki. Mnadhani ningeanzia wapi kumwambia? Nilimweleza bosi wangu, akacheka, akasema nyamaza, bibi wa watu anakupenda na kazi inakwenda. Nikanyamaza, na ukweli ni kwamba nilikuwa napenda kuitwa mwanangu.

Mwezi uliopita bibi akaanza kuumwa. Tumbo limejaa, hali chakula, hospitali wamemrudisha nyumbani na sote tunajua maana yake. Wamemhamishia kile chumba cha mbele, na mwenyewe amekataa tuache kukitumia. Siku moja alikuwa kitandani ananitazama nikivalisha wageni. Kulikuwa na mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima, blauzi yake imelowa maji ya boti, anaona aibu kuivua. Nikamzungushia kanga kwanza, akavua kwa ndani, nikageuzia uso ukutani mpaka alipomaliza. Ni kitu nafanya kila siku. Wageni walipotoka bibi akanionyesha nikae.

"Mwanangu, mimi nimezaa wanaume watupu," akasema. "Wake zao wako mbali, sijawazoea. Wewe nimekutazama siku zote unavyowasitiri watu usiowajua. Nikifa, unioshe wewe."

Nikamwambia bibi usiseme hivyo, utapona. Akanijibu kwamba hakuniuliza habari ya kupona. Nikafungua mdomo nimwambie. Nawaapia niliufungua. Lakini akaingiza mkono chini ya mto, akatoa mfuko, ndani kuna sanda aliyojinunulia mwenyewe na udi kidogo, akaniwekea mapajani. Alisema akiuacha pale, siku ya msiba kwenye vurugu za watu utapotea, heri nikae nao mimi. Nikaupokea kwa mikono miwili. Sasa uko kabatini kwangu na nguo zangu zote zinanukia udi. Kila nikifungua kabati nakaa kitandani kwanza.

Nimemuuliza jirani yangu Muislamu. Akaniambia bila kuzunguka kwamba Muislamu ana haki ya kuoshwa na Waislamu wenzake, nikaseme mapema atafutwe mwingine. Bosi naye sasa hacheki, anasema Ujiji wakijua wataona tumemchezea bibi wa watu mlangoni mwa msikiti. Hata kusilimu nimewaza, lakini siwezi kuingia dini ya watu kwa ajili ya shughuli ya asubuhi moja, na hata yeye asingetaka hivyo. Nimechoka. Nalala nimechoka, naamka nimechoka, nikifika kwake najitanda ushungi vizuri na kuingia nikicheka.

Jana mwanawe mkubwa amenipigia. Bibi haongei sana tena, ila aliuliza kama ule mfuko uko salama. Nikasema uko salama. Akamwambia mama yake nikiwa bado kwenye simu, nikamsikia akisema alhamdulillahi, na sauti ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo.

Kesho nina wageni, lazima nipite pale. Nikimwambia, nitamrudishia mzigo wake akiwa na siku chache za kuubeba. Nisipomwambia, nitakuja kuushika mwili wake siku ambayo hawezi tena kunikataza. Waislamu na Wakristo mnaosoma hapa, msinitukane, nishikeni mkono tu. Mimi kesho nifanye nini?