Malenga ya Kibakwe

Halfani alikuwa dereva wa wizara kwa miaka thelathini na mmoja, lakini ukimuuliza yeye kazi yake, angekwambia ni mtunzi wa mashairi tangu darasa la tano kule Pangani, na udereva ni wa kumpatia ugali tu. Wenzake pale Mtumba, Dodoma, walimjua hivyo hivyo. Mtu akihamishwa, akistaafu, akioza binti, Halfani aliitwa aghani beti mbili tatu, watu wakapiga makofi, kisha wakageukia pilau. "Vizuri sana, mzee Halfani." Hata mkurugenzi aliwahi kumwambia vizuri sana, huku akitafuna.

Hiyo vizuri sana ndiyo iliyomkera. Vizuri ya nani? Hakuna pale aliyejua mizani, hakuna aliyeweza kumwambia kwamba ubeti wa tatu unachechemea. Gazeti alilokuwa akilipelekea tungo zamani lilimchapa mara nne tu, na mara moja wakakosea jina lake. Sasa alikuwa na miaka hamsini na tisa, Desemba anastaafu, na jambo moja lilimkaa kooni kama mwiba wa changu: je, yeye ni mshairi kweli, au ni dereva anayejua kupanga vina? Alitaka mtu mmoja tu mwenye kuijua kazi, malenga hasa, amwambie waziwazi kabla hajarudisha ufunguo wa gari la serikali.

Na alikuwa na lake, lazima tuliseme. Alikuwa bingwa wa kusahihisha watu. Ukisema mbele yake "gari yangu", anakukata papo hapo: "Gari langu." Dodoma ilimpa kazi kubwa, maana kila mtu pale amekuja na Kiswahili cha kwao, na Halfani mtu wa pwani alijiona kama ameletwa na serikali kuwanyoosha wote. Waliomzoea walimcheka. Wasiomzoea walinyamaza akipita.

Rafiki yake mkubwa pale ofisini alikuwa Matonya, karani wa masjala, Mgogo wa Kibakwe. Siku moja Matonya alikuwa akiongea na mama yake kwenye simu, bosi akamwita. Akamwachia Halfani simu. "Mzee, msalimie mama, nakuja sasa hivi."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye Halfani wa kutunga? Matonya ananiambia habari zako. Sasa mbona hujaja kwetu kuona malenga?"

Halfani akaishika simu kwa mikono miwili. "Malenga? Huko Kibakwe?"

"Eeh. Malenga yetu, makubwa, yako kule juu mlimani. Watu wanatoka Mpwapwa mjini kuja kuyaona."

Wagogo jamani, aliwaza Halfani. Malenga yetu! Kimoyomoyo akamnyoosha bi mkubwa: malenga wetu, mkubwa, yuko. Kwa kuwa ni mama wa watu, hakulisema.

"Ni wa siku nyingi?" akauliza.

"Ya siku nyingi sana. Babu yangu aliyakuta."

"Na wageni je, anapokea?"

"Hayachagui mtu, baba."

"Nikija nitamsikia?"

"Njoo asubuhi. Upepo ukianza utayasikia vizuri."

Halfani akaelewa alivyoelewa. Mzee wa watu, umri umekwenda, jua likikaza hataki kuongea. Matonya aliporudi akaambiwa tu kwamba mama amemwalika mzee Kibakwe, akafurahi, wakapanga waende wiki ya tatu kutoka hapo. Habari ya malenga Halfani aliifungia kifuani. Akimwambia Matonya kwamba anakwenda kupimwa, masjala nzima itajua kabla ya saa nne, na akipimwa akaonekana mwepesi, atauweka wapi uso wake?

Wiki zile hakulala vizuri. Alipekua daftari zake zote, akaona hakuna tungo inayofaa kupelekwa kwa mtu mkubwa kama huyo. Akatunga mpya, ya kumwamkia. Alifuta, akaandika, akafuta. Mkewe alimwambia kwamba hata yeye siku za uchumba hakuandikiwa kwa jasho kiasi kile.

Waliondoka Ijumaa baada ya sala, kwenye kigari cha Matonya. Halfani alikaa kiti cha abiria, jambo lililomtesa kuliko barabara yenyewe. Mguu wake wa kulia ulikanyaga breki isiyokuwepo mpaka Gulwe, na walipovuka reli akashindwa kujizuia: "Gia, Matonya, gia!" Baada ya hapo nchi ikaanza kupanda. Vumbi jekundu walilotoka nalo likabaki chini, hewa ikawa ya baridi, na Halfani akafunga kioo. Mama yake Matonya, Mama Ruthu, aliwapokea jioni kwa ugali wa uwele na mlenda. Halfani alikula mlenda huo kwa adabu, ukimponyoka kila tonge, na wajukuu wakaziba midomo.

Asubuhi alitoka amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya viua, daftari kwapani. Matonya akamtazama juu mpaka chini. "Mzee, tunapanda mlima, hatuendi nikahini."

"Wewe nipeleke," akasema Halfani.

Walipanda njia nyembamba kati ya mashamba ya maharage, Mama Ruthu mbele na ndoo yake tupu, mwepesi kuliko wote ingawa alikuwa amevuka sabini.  Halfani alirudia beti zake kwa kunong'ona, akihesabu mizani kwa vidole. Kisha miti ikaachia, wakatokea juu, na mbele yao kulikuwa na ziwa, dogo, limetulia kati ya vilima vitatu, ukungu ukinyanyuka taratibu juu yake. Wanawake wanne walikuwa ukingoni wakichota. Halfani, mtoto wa bahari, hakuwa ameona maji mengi kiasi kile mahali pamoja tangu ahamie Dodoma, na alisimama akayaangalia mpaka akasahau kidogo alichokijia. Alipokumbuka, alitafuta kwa macho kibanda, mkeka, mzee mwenye fimbo.

"Yuko wapi, mama?"

"Nani, baba?"

"Malenga."

Mama Ruthu akanyoosha mkono. "Si hayo hapo!"

Halfani akaangalia ulikoelekea mkono, akaangalia nyuma ya miti ya ng'ambo. Matonya ndiye aliyeng'amua kwanza. Alipiga kelele moja, akakaa chini kwenye majani, akacheka mpaka machozi.

"Mzee wangu! Malenga kwetu ni maji! Kwa Kigogo, maji. Ya kunywa, ya kuoga, ya mvua, yote malenga."

Basi malenga yetu, makubwa, yako. Bi mkubwa hakuwa amekosea hata ngeli moja. Halfani aliona aibu. Lakini zaidi ya aibu, alisikitika, tena sana. Hakukuwa na mzee, wala wa kumpima, na Desemba iko pale pale. Akaliteremsha daftari kutoka kwapani kama mtu anayetua mzigo ambao mwenyewe hakupatikana.

"Hilo daftari lina nini?" akauliza Mama Ruthu.

"Salamu, mama. Nilimtungia huyo niliyedhani yupo."

"Umezibeba kutoka Dodoma kote huko, uzirudishe? Zitoe."

Halfani hakutaka. Lakini mama wa rafiki yako akikwambia toa, utafanyaje? Akasafisha koo, akayatazama yale maji kwa kukosa pengine pa kutazama, akaghani kwa sauti ya kwao Pangani:

"Malenga nimewasili, kiu imenizidia,
Nimekuja toka mbali, vumbi limenivamia,
Usinitazame hali, kwako nimekimbilia,
Malenga unikubali, nami nakuamkia."

Alikuwa na beti saba. Kufika wa pili, wanawake ukingoni waliacha kuchota. Kufika wa nne, Matonya alikuwa ameacha kucheka. Sauti ilikwenda juu ya maji, ikagonga vilima, ikarudi na neno lake la mwisho. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi, na Halfani akajiambia basi, ndiyo hivyo.

Mama Ruthu alikuwa amekaa juu ya ndoo yake aliyoifudikiza. "Mama yangu," akasema polepole, "akifika hapa alikuwa hachoti kabla hajayaamkia. Anayaambia ametoka wapi, anaomba yamkubali. Siku hizi tunakuja na ndoo tu. Nani alikwambia?"

Hapo Halfani angeweza kunyamaza, akabeba sifa. Ulimi wake haukukubali. "Mama, nisikudanganye. Sikujua chochote. Sikuyatungia maji, nilimtungia mtu. Nilikosea."

"Ulikosea wewe," akasema Mama Ruthu. "Wimbo haukukosea."

Halfani akafunua daftari, akalifunga. 

Wale wanawake walikuwa wamesogea, sketi na khanga zikichuruzika maji. Mmoja wao, Emilia, jirani wa Mama Ruthu, alikuwa akijaribu ule mstari wa mwisho chini ya pumzi, akapotea katikati, akaanza upya. Mwenzake akamwitikia chini yake kwa sauti nzito, kama Wagogo wanavyoimba. Walifika palepale wakakwama.

Miaka yote Halfani aliambiwa hongera, aliambiwa vizuri, aliambiwa inatosha mzee, acha watu wale pilau. Emilia akainua uso.

"Baba, rudia," akasema. "Polepole, tushike."

Halfani akafunua daftari tena. Ilibidi asubiri kwanza, akifuta macho kwa mkono wa kanzu, na wanawake wanne wamesimama wakimngoja.