Kopo la Dawa ya Minyoo

Mhoja wa Malolo alijisifia jambo moja bila haya: hakuna ng'ombe aliyeweza kuumwa zizini kwake asimgundue, kwa kumtazama masikio tu. Alipoumwa mwenyewe, hakugundua chochote. Mvua ilikuwa nzuri, mifugo imenenepa, mke wake Marciana hana ugomvi na mtu, na yeye akawa analia katikati ya mahindi kama aliyefiwa. Usingizi nao ukamkimbia. Marciana ndiye aliyemburuta hadi hospitali, Mikumi. Daktari akampa vidonge vya sonona, ameze kimoja kila jioni, akamwambia vitachukua wiki kadhaa kufanya kazi na asiviache ghafla.

Wiki kadhaa! Ng'ombe akichomwa sindano asubuhi, jioni anatafuna majani. Sasa hii ilikuwa dawa au ahadi ya diwani? Alimeza hivyo hivyo, kwa kuwa Marciana alisimama mlangoni kuhakikisha. Taratibu akaanza kulala. Siku moja akajikuta anapiga mluzi nyuma ya ng'ombe, akanyamaza haraka, asije akaonekana amekubali kwamba daktari alisema kweli.

Kilichobaki ni aibu. Mwanaume mwenye zizi kama lile akutwe na dawa za waliochanganyikiwa? Akavitoa vidonge kwenye pakiti yake, akavificha ndani ya kopo la dawa ya minyoo ya mbuzi. Akajiona mjanja kweli. Mjanja huyo alisahau kwamba wafugaji huazimana dawa za mifugo kama wanavyoazimana chumvi, na mwenye nyumba asipokuwepo, mtu hujichukulia.

Jioni moja akalikuta kopo tupu. Marciana akamwambia kwamba Ngassa, kaka mkubwa wa Marciana, alipita kuchukua dawa ya beberu. Mhoja alizikumbuka zile siku za kukodoa macho gizani, na hofu ya kuzirudia ikamkimbiza hadi kwa shemeji yake.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Dawa yako kiboko!" Ngassa alimwonyesha beberu wake, yule mkorofi aliyewahi kumpiga pembe mchungaji wa kanisa. Sasa beberu alikuwa amejilaza, kuku wanamkanyaga mgongoni, na yeye anawatazama tu. "Nimempa vichache. Minyoo sijui, lakini adabu ameipata. Umenunua wapi? Majirani wanaulizia."

Njiani Mhoja alikuwa ameandaa uongo mzuri sana. Hakuutumia.

"Si dawa ya mbuzi," alisema. "Ni yangu. Nilikuwa silali, shemeji. Nilikuwa nalia shambani. Naomba vilivyobaki."

Akasubiri kuchekwa. Angekuwa yeye angecheka, tena hadi mnadani. Ngassa hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na vidonge amevifunga kwenye kitambaa, akakaa navyo mkononi.

"Huko Mikumi," aliuliza kwa sauti ya chini, akimtazama beberu, "wanakuuliza nini ukifika?"

"Wanaanza na usingizi. Kama unalala."

Ngassa alikaza fundo la kitambaa.

"Mimi silali," akasema.

Mhoja, bingwa wa masikio ya ng'ombe, alikuwa akila na mtu huyu kila Jumapili, na hakuwa ameona kitu. Akapokea kitambaa, akaketi kando yake.

"Kesho asubuhi twende wote, shemeji," alisema.