Moshi Usiotawanyika

Hata kabla ya mambo ya nyota, Kokulinda hakuwa mtu wa kutulia. Studio yake ya picha pale Igogo ilikuwa na kiti kimoja kizuri, nacho kilikuwa cha mteja. Yeye mwenyewe alishinda wima, akisogeza taa, akinyoosha shela za maharusi, akirudia picha ambayo mteja amekwisha kuiridhia. Mama yake kule Muleba alikuwa akisema mtoto huyu alizaliwa ana siafu miguuni.

Aliyemwingiza kwenye nyota ni mumewe, Luhende, wala hakukusudia. Luhende alikuwa baharia wa kivuko cha Kigongo na Busisi. Mwaka mmoja, masika yalipopumzika kidogo, Kokulinda alivuka naye jioni akitokea harusini Sengerema. Wakiwa wameegemea ubavu wa feri, Luhende akanyoosha kidole kusini.

"Unakaona kale kamoshi? Kila mwaka majira haya kanakuwa palepale. Upepo unavuma, kenyewe hakatawanyiki."

Kokulinda akatazama. Kati ya nyota palikuwa na doa jeupe, hafifu, kama pumzi kwenye kioo. Kesho yake alirudi Busisi na kamera ya harusi, akailaza juu ya mfuko wa mchanga ufukweni, akaacha lenzi wazi kwa muda. Kwenye kioo cha kamera doa lile lilitoka jekundu, wekundu wa nyama ya pera. Alikitazama kile kioo mpaka betri ikaisha.

Baadaye alisoma kwenye mtandao kwamba lile ni wingu la gesi na vumbi, kubwa kupita akili, ambamo nyota huzaliwa, na kwamba wataalamu huliita Carina. Akajifunza pia kwamba picha moja haitoshi. Mtu hupiga picha nyingi za mahali palepale, kisha kompyuta huzilaza moja juu ya nyingine, chengachenga zikafifia na mwanga wa kweli ukabaki. Akatafuta kimota cha kuizungusha kamera ili ifuate mwendo wa nyota. Tangu hapo, kila mvua ilipokatika alijikuta uani, shingo juu, chakula kikipoa mezani.

Kisha daraja lililokuwa likijengwa kati ya Kigongo na Busisi likakamilika. Kokulinda hakulichukia, wajawazito wa Sengerema sasa walikuwa wanavuka bila kusubiri feri. Ila taa zake ziliufuta ufukwe wake wa giza, na Luhende akahamishiwa kivuko cha upande wa Ukerewe, akawa anarudi nyumbani mara mojamoja. Kurudi Igogo kupiga picha hakukufaa. Mwezi ukiwaka, anga lilikuwa jeupe mno; mwezi ukitoweka, wavuvi wa dagaa waliingia ziwani na taa zao, maji yakang'aa kama mji wa pili. Giza alilolitaka yeye ndilo walilolitaka wao.

Akakimbilia shambani kwa wifi yake, Tereza, ndani kidogo kutoka Kisesa. Hapo napo masika yalimchezea. Miezi ambayo wingu lile hukaa vizuri juu ndiyo miezi ya mvua, na mvua zinapokoma, lenyewe linakuwa limeanza kuinama kuelekea machweo.

"Wifi, kaa chini ule," Tereza alimwambia jioni moja. "Mbingu haihami."

"Inahama, wifi," alijibu Kokulinda, akifungua na kufunga mfuko wa kamera. "Ndiyo shida yenyewe."

Mwaka huu mwisho wa Mei ulimpa jioni chache safi kule shambani. Akajaza kadi ya kamera, akarudi mjini, akajifungia na kompyuta. Akapunguza mwanga wa mji uliovuja pichani, akavuta wekundu, akakaza kingo. Picha ikawaka. Akaivuta tena. Asubuhi iliyofuata aliiona mbaya, nyota zimekuwa makaa ya jiko. Akafuta akaanza upya. Dorcas, ambaye binti yake Queen alikuwa ameolewa mwezi uliopita, alikuja kuuliza picha za harusi.

"Bado kidogo, mama."

"Ulisema hivyo wiki iliyopita, mwanangu. Bibi yake anaziulizia."

Kokulinda aliona aibu, akazimaliza za Queen siku hiyohiyo. Mkono ulikuwa kwenye uso wa bibi harusi, akili iko kusini.

Luhende aliporudi kutoka Ukerewe mwezi wa saba, Kokulinda alimkalisha kwenye kile kiti cha wateja na kuwasha kioo cha kompyuta. Wingu lilijaa kutoka pembe hadi pembe, jekundu, lenye mikunjo na mashimo meusi. Luhende alitazama kwa muda mrefu.

"Ni nzuri, Mama Nestory. Ni nini?"

"Baba Nestory, ni lile lako. Kamoshi kako."

Akatikisa kichwa polepole. "Hapana. Lile nalijua. Nimevuka nalo miaka."

Neno lile lilimkosesha Kokulinda raha kuliko mvua zote. Jioni ileile wakaenda kwa Tereza. Giza lilipoingia tu, doa lilikuwa chini upande wa kusini magharibi, juu ya vichwa vya mtama, limebakiza muda mfupi kuzama. Luhende akalipata bila kutafuta.

"Lile pale. Ona lilivyo peke yake. Wewe umelijaza mahali pote, halina pa kukaa."

"Na ule wekundu? Unadhani nimeutia mimi?"

"Umeutia?"

"Sijautia. Upo, jicho ndilo halifiki. Mimi nimeuvuta tu."

"Basi usiuvute mpaka ukatike."

Kokulinda akafunga mfuko wa kamera. Hakupiga picha jioni ile. Walisimama mpaka doa likaingia kwenye ukungu wa chini. Aliporudi studio, akarudisha zile nyota za pembeni alizokuwa amezikata, akaliacha giza libaki giza, na wekundu akauachia katikati tu, pale ulipokuwa na nguvu yake. Luhende alipoiona safari hii aliomba nakala ya karatasi. Akaenda nayo Ukerewe, akaibandika kwenye chumba cha mabaharia.

Haikupita wiki, Kokulinda akampigia simu.

"Ibandue kwanza. Kona ya chini kuna ukijani, sikuuona. Nakutumia nyingine."

"Mama Nestory, watu wameshaiona. Nahodha anauliza ni wapi, nimemwonyesha kwa kidole."

"Umemwonyesha? Kwani huko linaonekana?"

"Leo hapana. Kuna mawingu."

"Na kesho?"

Luhende akacheka. Kwenye simu alisikia miguu ya mkewe ikitoka kwenda uani.