Betri Yenye Msalaba wa Rangi ya Kucha

Kuna sentensi moja niliyoisema kwa miaka miwili, na nikiikumbuka hata sasa mate yananijaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika. "Si mimi, kamera ndiyo inasema." Wazungu niliwaambia kwa Kiingereza, watu wangu nikawaambia kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili ndiko ilikokuwa chafu zaidi.

Nilikuwa nauza kamera Roseville, mji wa Minnesota, kwenye duka lililotazamana na ile mall kubwa, ng'ambo ya barabara. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili na kumi, simu hazijaziua kamera bado. Mie nimetoka Mombasa juzijuzi, Kiingereza kimenyooka, shati limepigwa pasi, nikajiona mtu. Bosi wangu alikuwa mzee mmoja mwenye vidole vinavyonata, maana alikula donati mchana kutwa na hakunawa. Kwa vidole hivyo hivyo alishika kamera za watu. Siku za mwanzo nilikuwa nikimfuata nyuma na kitambaa, nazifuta. Baadaye niliacha.

Kamera nyingi tulizouza zilikuwa na ukurasa ndani kabisa ya menyu, unaokuonyesha umri wa betri. Sifuri maana yake mpya, nne maana yake imekwisha, nunua nyingine. Wenye kamera wengi hawakuujua ukurasa huo, lakini bosi aliujua kama anavyoujua mdomo wake. Mteja akiingia na shida yoyote, hata kamba ya shingo imekatika tu, bosi ataufungua, ataigeuza kamera imtazame mwenye nayo, halafu atanyamaza. Kunyamaza kule ndiko kulikouza. Januari na Februari tuliuza betri kama kaimati za Ramadhani.

Kwa nini Januari? Siku moja, nikila chakula cha mchana, nilikifungua kijitabu cha kamera nikakuta maandishi madogo ya kuumiza macho. Yalisema kwamba betri ikichajiwa mahali penye baridi kali, hujiandikia uzee usio wake. Ukiichaji tena ndani penye joto, namba inashuka. Basi, hakuna ugonjwa. Minnesota nzima watu wanachaji betri gereji, wanachaji garini, halafu wanaambiwa zimezeeka! Nikampelekea bosi kijitabu mbio mbio, mjinga mie, nikidhani atafurahi. Akasoma, akalamba kidole, akanirudishia na doa la sukari juu ya ukurasa.

"Sisi hatujamdanganya mtu," akasema. "Kamera ndiyo inasema."

Na zile betri tulizowauzia badala yake hazikuwa hata za kampuni ya kamera. Aliyezitengeneza anajijua mwenyewe. Ukizitia zinaandika sifuri, mpya kabisa, na zitaendelea kuandika sifuri mpaka ziwe maiti. Yaani tulimnyang'anya mtu betri nzima iliyosingiziwa uzee, tukampa takataka inayojisifia ujana. Ptu! Ningeweza kuacha kazi siku ile ile. Sikuacha.

Mama mmoja alikuja mwezi wa Februari, kutoka Hopkins, kwa mabasi mawili. Alikuwa Mkongomani wa Kivu ya Kusini, amefunga kitenge juu ya koti kubwa la kiume, theluji imemganda mabegani. Nilimwona mlangoni anapambana na Kiingereza mbele ya bosi, nikamwita kutoka kaunta, "Shikamoo, mama."

Lo! Uso wote ulimfunguka. "Marahaba, mwana yangu! Hii neno sijaisikia tangu kambi, kule Tanzania." Akamwacha bosi na mdomo wazi, akaja kwangu.

Alikuwa mpiga picha wa kanisa lao. Kila familia ya wakimbizi ikiletwa kutoka kambini, yeye alikuwa uwanja wa ndege anawasubiri na kamera aliyopewa na Mzungu mmoja wa kanisani. Sasa kijana wa jirani alikuwa amemfungulia ule ukurasa wa umri, akamwambia betri ni namba tatu, imezeeka.

"Na miye sitaki inifie mukononi," akasema. "Kisha wiki tatu mutoto wangu anakuja. Nilimuacha na mama yangu akiwa na miaka mitano, karatasi yake ilikuwa haijatoka. Sasa iko na kumi na tatu. Mama yangu iko mugonjwa sana kule kambi. Ameniambia, mimi sitaki maneno ya simu. Nitumie foto, nimuone mutoto mukononi mwako, njo nitalala." Akaishika kamera kwa mikono miwili. "Ile foto haiwezi kukosa, mwana yangu."

Nikamuuliza anaichaji wapi. Akaniambia dirishani, nyuma ya pazia, maana plagi nyingine zote za nyumba zimeshikwa na hita na simu za watoto. Nyumba yenyewe ya zamani, kioo kinaganda barafu kwa ndani. Papo hapo nikajua. Betri yake ilikuwa nzima kama yai.

Halafu akaniuliza kitu ambacho sijakisahau. "Tukiipasha moto kidogo, haiwezi kupona? Kule kambi, mawe za radio zikichoka, tulikuwa tunaziweka ku jua. Zinaanza tena kuimba."

Wallahi, nilimwona bibi yangu. Bibi yangu naye alikuwa akiyapanga mawe ya tochi juu ya ukuta wa uani, jua la saa saba, na jioni tochi inawaka. Mama huyu asiyejua kusoma menyu ya Kiingereza alikuwa ameshatoa jibu lenyewe, na mie nililijua. Nikainua macho. Bosi alikuwa ananitazama, kidole mdomoni.

"Hapana, mama," nikasema. "Hizi za kisasa si kama zile. Hii imezeeka, basi. Si mimi, kamera ndiyo inasema."

Akaniamini. Angeacha vipi kuniamini, na nimemwamkia? Akainunua ile takataka yetu, akanishukuru mara tatu, na kabla ya kuondoka akanikabidhi betri yake niitupe. Ilikuwa na msalaba mdogo mwekundu uliochorwa kwa rangi ya kucha, kwa sababu kanisani kulikuwa na kamera mbili za aina moja na betri zilichanganyikana. Tulikuwa na sanduku la betri za kutupa nyuma ya kaunta. Nikaitia humo mbele ya macho yake.

Alipotoka nikaitoa. Kamera yangu mwenyewe ilikuwa ya aina ile ile, na betri yangu ndiyo iliyokuwa imekufa kweli. Nikaichaji ya mama pale dukani, penye joto, nikaitia, nikafungua ukurasa. Sifuri. Nikaichukua. Naandika hivi bila kupamba: niliichukua, na nikafurahi. Mie mtoto wa chuo cha Kurani, niliyehitimu juzuu zangu zote, nikatembea na msalaba mfukoni wiki tatu na sikuona haya. Hata kuufuta sikujisumbua.

Siku mbili kabla ya mtoto kufika, mama akapiga simu dukani. "Mwana, miye nikimukumbata mutoto, nani atapiga foto? Kuja wewe. Wewe njo unajua hii aparei ya foto." Nikakubali upesi. Nilijiambia hiyo ndiyo toba yangu, kwamba nikipiga picha nzuri mambo yatakuwa sawa baina yangu na Mungu. Unafiki mtupu!

Siku yenyewe nilitoka dukani alasiri moja kwa moja hadi uwanja wa ndege. Kamera yangu ilikuwa nyumbani, lakini betri nilikuwa nimeichaji kazini mchana, kwa umeme wa bosi, nikaiweka mfuko wa ndani wa koti, kifuani, isipigwe na baridi. Nikamkuta mama chini ya zile ngazi za umeme abiria wanakoshukia, pamoja na wanawake wawili wa kanisani, wote wamevaa vitenge sare, wanaimba kwa sauti ya chini. Wale wawili walikuwa na simu za kukunja tu. Mama akanivisha kamera shingoni kama mtu anayemvisha bwana harusi koja la asumini. Nikaufungua ule ukurasa. Sifuri, mpya. Nikapiga picha mbili za kujaribu, sawasawa.

Mtoto akatokea juu. Msichana mwembamba, sweta jembamba, mfuko mweupe wa karatasi za wakimbizi ameukumbatia kifuani. Kwa mkono mmoja aliushika ukingo wa ngazi kwa kuogopa. Mama akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu. Nikainua kamera, nikabonyeza, na kamera ikazimika.

Nikaiwasha, ikawaka, ikaniandikia sifuri, ikazimika tena. Hata katika kufa ilikuwa inadanganya, mshenzi yule. Mtoto alikuwa nusu ya ngazi. Na mie nina betri nzima kifuani, imejaa pomoni, ya moto kwa joto la mwili wangu, yenye msalaba. Mkono ulikwenda mfukoni ukasimama. Nilifikiri: akiuona ule msalaba? Hicho ndicho nilichofikiri, Mungu anisamehe. Mgonjwa yuko kambini anasubiri kumwona mjukuu wake mkononi mwa binti yake, na mie nafikiria uso wangu.

Walikumbatiana nikiwa nimesimama hivyo. Mama akageuza shingo, machozi yanamtiririka, akanitafuta. "Foto, mwana! Umepiga?"

Nikawapa mgongo, nikaichomoa ile maiti, nikaitia ya msalaba. Nikageuka. Bado walikuwa wameshikana, nashukuru. Hawakuachiana kwa muda mrefu sana. Nikapiga na kupiga. Moja ilitoka vizuri kuliko picha yoyote niliyowahi kupiga: kichwa cha mtoto chini ya kidevu cha mama, mfuko wa karatasi umebanwa katikati yao, macho yote manne yamefumbwa.

Nilitaka nizibadilishe betri tena kabla ya kuirudisha kamera. Sikupata nafasi. Mama aliinyakua kamera ili amwonyeshe mtoto sura yake mwenyewe, na mtoto akaniamkia, "Shikamoo, kaka," kwa Kiswahili safi cha kule Tanzania, na wote wakaondoka wakiimba kuelekea kwenye van ya kanisa. Mie nikabaki na betri ya duka mkononi. Nikawakimbilia, nikamtumbukizia mama mfukoni mwa koti, nikamwambia ni ya akiba. Akanibariki.

Wiki moja nilikaa roho juu. Nilijidanganya kwamba hatafungua, au akifungua atadhani anachanganya. Lakini betri ikiisha chaji si lazima mtu aitoe?

Akaja dukani mchana, yeye na binti yake. Binti sasa alikuwa na koti la kweli, jekundu. Nikasimama, nikafungua mdomo nimwamkie, mama akautazama mkono wangu tu. Akaweka kadi ya kamera juu ya kaunta, akanionyesha kwa kidole picha anayoitaka kwenye skrini, akaonyesha na ukubwa wake. Nikaichapa. Ilipotoka kwenye mashine aliishika pembeni kwa ncha za vidole, akaitazama sana, akaipuliza kidogo, akaitia ndani ya bahasha ambayo tayari ilikuwa na anwani ya kambi.

Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa ile betri niliyomuuzia, safi, haina alama yoyote. Akaiweka mbele yangu, akaisukuma kwa kidole kimoja mpaka upande wangu wa kaunta. Bosi kule nyuma alikuwa anatafuna.

Binti alikuwa amenitambua. Akatabasamu. "Shikamoo, kaka! Mama, si ndiye yule kaka wa—"

"Wacha," mama akasema, anafunga bahasha. "Huyu hajue Kiswahili."

Mtoto akanitazama, akamtazama mama yake. Maneno yote ya kwetu yalikuwa yamenijaa mdomoni, ya kuomba radhi, ya kujieleza, ya kumwita mama. Mama akanigeukia, akaniambia asante kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, asante bwana, kama anavyomwambia dereva wa basi.

Nikamjibu kwa Kiingereza.