Masika Mnapitia Wapi

Mwalimu Leodegar Komba hakuvuka kizingiti cha mlango wake bila kwanza kupapasa mfuko wa shati. Wengine hupapasa simu au funguo. Yeye alikuwa akitafuta uzi. Ulikuwa uzi mweusi wa cherehani, urefu wa mkono mmoja, umezungushwa kwenye njiti ya kiberiti. Alistaafu, akamzika mkewe, mvi zikamwingia mpaka kwenye nyusi, lakini uzi haukuhama mfukoni.

Najma aliuona mara ya kwanza akiwa kidato cha tatu, katika shule moja ya Temeke ambayo madirisha yake hayakuwa na vioo. Siku hiyo walikuwa wanajifunza kupima urefu wa barabara kwenye ramani. Rula hupima kilichonyooka, mwalimu alisema, na yeye tangu atoke Songea hadi kufika Dar alikuwa hajaona barabara iliyonyooka. Akatoa uzi, akaulaza juu ya ramani, akaufuatisha kila kona kwa ukucha, kisha akaunyoosha juu ya kipimo kilichochorwa chini ya karatasi na kusoma kilomita. Kesho yake kila mwanafunzi alitakiwa kuja na wa kwake. Najma alichomoa uzi kwenye pindo la khanga ya mama yake, akapima, akapata kilomita kumi na moja pale ambapo wenzake walipata kumi na nne. Mwalimu alimwinamia, akautazama uzi, akamwambia polepole, kama mtu anayempa mwenzake siri, kwamba alikuwa ameuvuta. Ukiuvuta unaruka kona, na mtu wa miguu hana kona anayoiruka.

Ndiyo sababu Najma alikuja kuwa mwalimu wa Jiografia, ingawa hakuwahi kumwambia hivyo. Alipofika miaka arobaini na mitatu alikuwa mkuu wa idara katika sekondari nyingine, na Mwalimu Leodegar alikuwa jirani yao Mtoni, nyumba ya nne kutoka kwao. Bi Tabu, mama yake Najma, alimpelekea mzee chakula kila Ijumaa. Kwa watu wa pwani sahani hairudi tupu, na mzee wa Kingoni alilijua hilo kuliko wenyeji wengine. Hakuwa na cha kupika, basi sahani ilirudi na malimao matatu kutoka kwenye mti wake. Bi Tabu alikuwa na malimao mpaka akawa anawagawia wapita njia, na hakuacha hata siku moja kushukuru kana kwamba ndiyo kwanza anayaona leo.

Mtaa ule uko chini. Masika mawili yaliyofuatana maji yaliingia ndani kwa Bi Tabu. Walipandisha magodoro juu ya meza, msahafu na picha za marehemu baba juu ya kabati, wakakaa wanayatazama yakipanda. Tangu hapo, mvua ikianza tu, Bi Tabu huamka, hukaa kwenye kiti miguu ameikunja, tasbihi mkononi, na halali tena mpaka anga litakate. Mwanamke wa miaka sabini na mbili. Asubuhi macho yake yalikuwa mekundu, na akiulizwa husema alikuwa anaswali tu. Najma alimwahidi kwamba atamtafutia pa kulala. Ahadi hiyo aliitoa mbele ya wadogo zake wote, na miaka mitatu ya akiba yake ilikuwa imeingia humo.

Mwezi wa pili, joto likiwa limekaza, alipata kiwanja. Dalali wake, kijana mmoja mwenye maneno matamu aitwaye Ismail, alimpeleka nje kidogo ya Tegeta na kumwonyesha ardhi tambarare, majani mabichi wakati kila mahali pamekauka. Alimletea na nakala ya ramani ya eneo lile, kipande alichokikuza kwenye duka la fotokopi. Najma aliisoma mwenyewe. Kontua, ile mistari ya mwinuko, zilipinda zikafanya ncha, ncha baada ya ncha, na kiwanja chake kilikaa katikati ya ncha hizo. Mgongo wa kilima, alijiambia. Maji yatashuka kulia na kushoto, mama atakaa juu yake kama aliyekaa juu ya tandiko. Alifurahi mpaka akapitia kwa Mwalimu Leodegar kabla ya kufika nyumbani.

Mzee alikuwa barazani. Najma akamwamkia, akaitikiwa marahaba, akaitandaza karatasi kwenye mkeka. Alitarajia kupongezwa. Mzee alitoa uzi, akaulaza juu ya kontua moja, kisha nyingine, akatafuta kitu pembezoni mwa karatasi, akaigeuza juu chini, akaitazama tena.

"Namba ziko wapi?" aliuliza.

"Namba gani, Mwalimu?"

"Za mwinuko. Aliyetoa kopi amezikata. Hapa nina ncha tu, Mkuu wa Idara. Ncha ikielekea kwenye namba kubwa ni nini?"

Najma aliinamia karatasi. Swali hilo alikuwa amewauliza watoto wa kidato cha nne wiki ileile, na aliyekosea alimsimamisha. Ncha ikielekea kwenye namba ndogo ni mgongo wa kilima; ikielekea kwenye namba kubwa ni bonde. Bila namba, mgongo na bonde ni mchoro mmoja. Yeye alikuwa ameuona mgongo kwa sababu aliutaka mgongo. Akajibu kwa ukali kidogo kwamba alikuwa amesimama pale kwa miguu yake na ardhi ilikuwa kavu. Mzee akasema hata kwake hapa leo ni pakavu. Kisha akapapasa mfuko wake, akaona uzi umeshikwa mkononi, akacheka, akaomba waende wote Jumamosi.

Goti lake lilikuwa bovu. Walishuka Tegeta, wakachukua bajaji, na mita mia za mwisho alizitembea kwa fimbo huku Ismail akimtangulia akisifia upepo. Mzee hakuuliza lolote kuhusu maji. Baadaye Najma alimwuliza kwa nini, akasema dalali ukimwuliza kama maji yanafika, atakwambia hayafiki, na jirani anayetaka kupata mwenzake naye atakwambia hayafiki. Hakuna anayekudanganya kwa ubaya, watu wanasema wanachokitamani. Alikwenda moja kwa moja kwa mama mmoja aliyekuwa akikaanga mihogo ukingoni mwa kiwanja. Akanunua vipande viwili, akaketi kwenye benchi lake, akaisifu pilipili yake. Walizungumza habari za kwao. Mama yule alikuwa mtu wa Mbeya, jina lake Atuganile. Mhogo wa pili ulipokwisha ndipo mzee akauliza.

"Mama, masika watoto mnawapitisha wapi kwenda shule?"

Atuganile hakuhitaji kufikiri. Alinyoosha uma wake wa kugeuzia mihogo kuelekea mlimani. "Masika tunazungukia kule juu, kwenye nguzo za umeme. Hapa si pa mtu, baba. Wadogo tunawabeba."

Ismail akatazama viatu vyake. Mzee hakumwaibisha. Alimwuliza kama kule kwenye nguzo za umeme hakuna anayeuza, na Ismail akasema kipo kimoja lakini ni mawe matupu na mteremko, angeona haya kumpeleka ticha mahali kama pale. Kisha akaongeza, nusu analalamika nusu anacheka, "Mzee, mie ukikaa huku wiki moja tu, mie njaa."

Walipobaki wawili kwenye benchi, Najma hakuweza kumtazama. Miaka ishirini alikuwa akifundisha kusoma ramani, na angemhamisha mama yake kutoka bonde moja kumtia kwenye jingine, kwa mkono wake mwenyewe, akijivuna. Mzee alizungusha uzi kwenye njiti yake, polepole, hadi mwisho.

"Unajua nyumba yangu niliinunuaje?" alisema. "Niliisoma. Ramani ilikuwa nzuri, namba zote zipo. Palikuwa na mstari wa bluu wa vidoti. Nikamwambia mke wangu Clara, huo ni mto wa msimu, usijali. Na ni kweli ni wa msimu. Kilichonipita ni kwamba msimu huwa unafika."

Najma alicheka akiwa na machozi machoni. Alimjua marehemu Clara, mshonaji wa mtaa, ambaye vipande vya nyuzi zake ndivyo vilivyolisha mfuko wa mumewe miaka yote. Hakuwahi kujua kwamba mzee alikuwa akijilaumu. Mzee alisema hakumwuliza hata mwanamke mmoja pale Mtoni, kwa kuwa alikuwa mwalimu na ramani alikuwa nayo.

Kiwanja cha juu kilinunuliwa. Mafundi walinung'unika kuhusu mawe mpaka wakachoka. Bi Tabu alipopelekwa kukiona aliupanda mteremko akisimama kila hatua kumi, akafika juu, akashika kiuno. Akauliza kama mwanawe amemleta kuishi au kuchunga mbuzi. Ismail, ambaye sasa alimwita mzee Profesa, alikuwa amejifunza swali lile na kulitumia kwa wateja wake. Alidai kwamba tangu aanze kuliuliza ameuza viwanja vichache, lakini hakuna aliyemfuata kumtukana.

Walihama mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata, nyumba ikiwa haijapigwa rangi wala dari. Asubuhi ya kuondoka Mwalimu Leodegar alikuja kuaga na ramani yake kubwa mkononi. Alikuwa amepima njia nzima, kutoka mlangoni kwake Mtoni hadi mlangoni kwao, kona kwa kona. "Uzi umetosha," alisema, "umebaki wa kufungia fundo tu." Najma alimwambia kuna chumba cha nyuma, kina dirisha, na kwamba ni chake, si cha wageni. Bi Tabu akasema asipokuja, yeye atapeleka wapi chakula cha Ijumaa? Mzee alisema atakuja masika yakiisha. Kwanza alikuwa na cherehani ya Clara ya kuinua. Alikuwa ameipandisha juu ya matofali manne na alitaka kuongeza la tano. Akawapa malimao, mfuko mzima.

Hakuja. Alifariki masika hayohayo; moyo, walisema hospitali. Binti yake, Benedicta, alisafiri kutoka Songea, akamkuta Najma ameshaosha nyumba, amefuta mstari wa tope ukutani kadiri ulivyofutika. Mstari ulifika kwenye tofali la tatu. Cherehani ilikuwa kavu. Majirani walisimulia kwamba Jumamosi ya mafuriko, asubuhi na mapema, mzee alikuwa amesimama juu ya kigoda sebuleni kwake, maji chini yake, simu sikioni, anatabasamu, na alipoitwa atoke aliwapungia mkono wamsubiri kidogo. Jumatatu ndiyo akaanza kusikia maumivu.

Mpaka hapo Najma hakujua habari ya kigoda. Yeye Jumamosi hiyo aliamka alfajiri kuswali, mvua ikipiga mabati kana kwamba inayavunja, akamkuta mama yake sebuleni, kwenye kiti, miguu ameikunja, tasbihi mkononi, anautazama mlango. Nyumba mpya, kiti kilekile. Najma alimwambia maji hayawezi kufika, na mama akaitikia "Inshallah" bila kuondoa macho mlangoni. Kulipopambazuka, Najma akampigia mzee, akaanza kumwelezea mvua ilivyo kubwa.

Mzee alimkatisha. Mvua hata yeye alikuwa nayo. Alichotaka ni kujua maji yanaelekea wapi. Najma akajitanda khanga, akatoka nje na simu. Akasimama kwenye kona ya nyumba, akatazama, akamsimulia kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni: yanatoka juu kwenye nguzo, yanagawanyika nyuma ya nyumba, mengine yanapita kulia kwenye mawe, mengine kushoto, yanakutana mbali kule chini, pale kwenye majani mabichi, ambapo sasa ni ziwa. Mzee aliuliza kama hakuna hata tone linalosogea mlangoni. Najma akaenda, akainama, akagusa saruji ya kizingiti kwa kiganja. Ilikuwa kavu. Akamwambia ni kavu.

Upande wa pili kukasikika kitu kama maji yanayosukwasukwa, ambacho Najma alidhani ni mvua.

"Basi," Mwalimu Leodegar akasema, "mwambie mama alale."