Kandili ya Kisimani

Kiwanda chetu kilikuwa nje kidogo ya Malindi, na kazi yake ilikuwa kukamua maembe. Mimi na mwenzangu tulikuwa watu wa nyuma: maganda, kokwa na maji machafu. Maji hayo yaliingia kwenye shimo lililofunikwa kwa zege, kisha pampu ikayasukuma hadi mabwawa ya kusafishia. Pampu ikiziba, shimo hufurika, na maji yenye uchachu huteremka kwenye mashamba na visima vya majirani. Walikuwa wameshalalamika, na haki ilikuwa yao.

Mwenzangu alinizidi umri. Alitoka katika ukoo wa wachimba visima, huko ndani, mbali na bahari. Kwao mtu hatangulii kandili kisimani. Huwashwa, hufungwa kamba, huteremshwa polepole. Ikizimika, hewa ni mbaya na hakuna anayeshuka. Yeye alirithi kandili ya babake, akaitundika kwenye msumari katika kibanda cha pampu. Humo ndimo tulimokula mchana, muhogo wa nazi kwenye sahani moja, akinitania kwa vitabu vikuukuu nilivyonunua sokoni. Aliniita mwalimu asiye na shule.

Katikati ya msimu pampu iliziba, na maji yakaanza kuchuruzika nje. Msimamizi alitaka mtu ashuke upesi. Vibarua walipokuwa wakikisogeza kifuniko, mwenzangu alileta kandili yake, tayari imewaka.

Nilikuwa nimesoma, katika kimojawapo cha vitabu vile, habari za gesi itokayo kwenye samadi iliyofungiwa, ile ambayo watu huipikia. Maganda ya maembe yakioza bila hewa hutoa gesi hiyo hiyo. Kisimani, hewa mbaya huuzima moto. Kwenye shimo letu, moto ungeweza kuiwasha hewa yenyewe.

Nilimwomba aizime. Alitabasamu tu, akaendelea kufunga kamba. Nikaichukua mkononi mwake, nikainua kioo, nikaipuliza.

"Kandili ya babangu waipuliza mbele ya watu?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Shimo hili si kisima, kaka."

"Na wewe umechimba vingapi?"

Vibarua walicheka. Nilikuwa sijachimba hata kimoja.

Nilimweleza msimamizi kwamba mitambo isimame ili maji yasiongezeke, shimo liachwe wazi, na feni kubwa iingize hewa safi. Alisita, lakini moto aliuogopa kuliko hasara. Siku ile vibarua walirudi makwao mikono mitupu, na maembe mengi yakaoza uani mwa kiwanda. Kesho yake mtu alishuka akiwa amefungwa kamba kiunoni, akatoa gunia lililokuwa limeziba pampu, akapanda mzima. Maji hayakufika mashambani.

Wala hakuna kilicholipuka, na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia. Ajali isiyotokea haina shahidi. Sina hakika hata mimi kwamba ingetokea. Najua tu kwamba ingeweza. Kwa wenzangu nilikuwa mtu aliyewanyima siku ya kazi kwa hofu aliyoitoa kitabuni.

Mwenzangu aliomba kuhamishiwa kwenye kuosha maembe. Tukikutana langoni alinisalimu kwa ukamilifu, akaniuliza hali ya nyumbani, kisha akapita. Afadhali angenitukana. Kwa muda mrefu niliendelea kupika muhogo wa watu wawili.

Alirudi kibandani mara moja tu, kufuata kandili yake. Kwao walikuwa wanachimba kisima kipya. Nilikuwa nikila.

"Huko itafaa," nilimwambia. "Ikizimika, msishuke."

"Hayo nimezaliwa nayo."

Aliitoa kwenye msumari, akakitazama kioo chake, ambacho nilikuwa nikikifuta kila nilipofuta pampu. Akaitikisa kidogo karibu na sikio.

"Umeitia mafuta."

"Naam."

"Nilidhani waiogopa."

"Siiogopi. Nilikuogopea wewe."

Alisimama mlangoni, kandili mkononi. Nilisogeza sahani katikati, kama zamani, nikamkaribisha. Alisema Mungu anizidishie, ila anangojwa. Nilizisikia hatua zake kwenye kokoto mpaka zikamezwa na ngurumo ya pampu. Kisha nikala upande wangu wa sahani.